Mabao Matatu na Nusu

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, Bukoba nzima ilitembea kifua mbele. Wanaume waliozoea kwenda sokoni pekupeku walinunua viatu, wakavibeba mkononi njia nzima visichakae, kisha wakavivaa walipokaribia watu. Na Jumamosi alasiri, timu ya mji ilipocheza kwenye kiwanja cha kando ya ziwa, majumbani walibaki wagonjwa na wanaowauguza tu. Ilikuwa raha ambayo leo ukimsimulia mtu anakutazama kwa mashaka. Mpira ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na bado vijana waliupiga kwa miguu mitupu huku wanacheka.

Katika raha hiyo hakuna aliyemzidi Kagaruki wa Nyanga. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, lakini yote hayo watu walimsamehe kwa sababu ya mwanawe. Yoeli ndiye aliyekuwa senta fowadi wa timu ya mji. Kagaruki hakumtazama kwa macho tu. Alicheza naye mechi nzima akiwa amesimama pembeni, anarusha mguu, anapiga kichwa hewani, na siku moja alimchapa teke karani wa boma aliyesimama mbele yake, ikabidi amwombe radhi mbele za watu. Timu ikishinda hata kwa bao moja la kubahatisha, njia ya kurudi Nyanga ilikuwa nyimbo mpaka mlangoni.

Mwaka huohuo Yoeli alikuwa amechumbia Muleba. Msichana aliitwa Kokwijuka, binti wa mzee Byarugaba, na mahari ilikuwa imekubaliwa: ingetokana na kahawa ya msimu, ikishachumwa na kuuzwa. Mambo yote yalikuwa sawa isipokuwa moja, lililomkereketa Kagaruki tangu siku aliyokwenda kuposa. Nyumba ya Byarugaba ilikuwa ya mabati. Yake yeye ilikuwa ya nyasi. Binti angetoka chini ya mabati aje alale chini ya nyasi, na majirani wangesema.

"Hakuna jirani aliyesema," mkewe Kokushubila alimwambia. "Unayesema ni wewe, asubuhi mpaka jioni. Lete mke wa mtoto kwanza. Mabati yatakuja."

Kagaruki aliitikia kwa kuguna, na alipoguna namna ile mkewe alijua kwamba hakusikia hata neno moja.

* * *

Karibu na soko palikuwa na mkahawa wa mtu aliyeitwa Omary. Babu yake alitoka pwani zamani za misafara, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake hakikuwa na doa. Vitani Burma alijifunza mambo mawili kwa askari wa Kizungu: kupika chai kwa maziwa ya kopo, na kamari ya mpira. Chai aliiuza hadharani. Kamari aliifanya kwa sauti ya chini, kwa sababu serikali haikuipenda, na shehe wake aliichukia zaidi.

Wiki moja kabla ya Muleba kuja kucheza na mji, Kagaruki aliingia mle, akaketi, akasema bila kupunguza sauti:

"Omary, nasikia unapokea dau. Mimi nasema Bukoba watashinda."

Watu walicheka. Omary alikuja na taulo begani, akajipangusa mikono.

"Ta Kagaruki," alimwita kwa heshima ya Kihaya, "hilo hata paka wangu analijua. Muleba mwaka jana walifungwa sita. Nikipokea dau la namna hiyo, wanangu watakula nini? Mimi siulizi nani atashinda. Nauliza atashinda kwa ngapi."

"Kwa ngapi, vipi?"

Omary alichukua vikombe vitatu vitupu, akavipanga mstari mmoja mezani. Halafu akakata andazi katikati, akaweka nusu yake mwisho wa mstari.

"Hawa Muleba nawatanguliza. Kabla refa hajapuliza filimbi, kwangu mimi Muleba wana mabao matatu na nusu, Bukoba hawana kitu. Kama unavyoshindana mbio na mtoto, unamwambia, wewe anzia kule kwenye mgomba. Ukisema Bukoba, lazima wavuke vikombe vyote hivi na hili andazi."

"Ngoja kwanza. Nusu ya bao inafungwaje? Mpira unakwama mstarini?"

Mkahawa uliangua kicheko. Omary hakucheka, kwani swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi.

"Haifungwi, mzee wangu. Ipo mdomoni tu, kazi yake kuondoa ubishi. Bukoba wakishinda tatu bila, tatu haifiki tatu na nusu, umekosa. Wakishinda nne bila, wamevuka, umepata. Hakuna sare, hakuna kushikana mashati."

"Wakishinda nne kwa moja?"

"Toa moja kwenye nne."

Kagaruki alihesabu kwa vidole chini ya meza. "Tatu. Nimekosa. Ingawa tumeshinda?"

"Ingawa mmeshinda. Mtaimba, mtacheza, lakini kwangu umekosa."

"Na aliyesema Muleba?"

"Huyo hata timu yake ikifungwa tatu, anakuja kwangu kuchukua chake."

Kagaruki aliliangalia lile andazi. Jambo lilimwingia vizuri, hapana shaka. Waliosema baadaye kwamba hakuelewa walimwonea. Alipitisha mechi za msimu kichwani. Vijana wa Bumbire walikuja kwa mtumbwi wakala saba. Rubya walikula matano. Nani alikuwa ametoka pale na chini ya manne?

"Nyuma huko una mabati," akasema.

"Yapo. Ya nyumba nzima."

"Basi hilo ndilo dau lako. Langu ni kahawa yangu iliyo mtini, ile ya upande wa bondeni."

Kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, wenyewe wakiita butura, lilikuwa jambo lililokatazwa na wakubwa, na hata hivyo kila kijiji kilikuwa na nyumba iliyofilisika kwa sababu yake. Lakini kuiweka kahawa hiyo kwenye mpira, hilo lilikuwa jipya.

"Si ndiyo ya mahari hiyo?" Omary aliuliza polepole.

"Ndiyo hiyo. Mfungaji ni mwanangu. Unadhani mimi nacheza kamari? Kamari ni ya mtu asiyejua. Mimi namjua Yoeli."

Wakapeana mikono. Kagaruki alipoinuka aliichukua ile nusu ya andazi akaila, watu wakacheka tena, akatoka mle akijiona amekwisha kuezeka.

* * *

Muleba walifika Jumamosi kwa malori mawili ya kubebea kahawa, wanaimba. Katika lori la kwanza, mbele kwa dereva, alikuwamo mzee Byarugaba na koti lake jeusi na mwavuli. Alikuja kumtazama mwanawe mkubwa, Mushumbusi, golikipa wa Muleba, kaka yake Kokwijuka.

Kagaruki alilijua hilo siku zote. Alijua golikipa ni Mushumbusi, na alipoweka dau lake jambo hilo lilimpa moyo zaidi, kwa maana Mushumbusi alisifika kwa kuruka vizuri upande ambao mpira haukwenda. Ambalo hakulifikiria ni kwamba mkwe akija mjini kwako huwezi kumwacha asimame peke yake. Kokushubila aliagiza viti viwili kutoka kanisani, vikawekwa mstarini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kagaruki alitazama mpira akiwa ameketi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

Kipindi hakijashika moto, Bukoba walifunga. Kiwanja kililipuka. Kagaruki aliinama kidogo upande wa mkwe.

"Poleni, waitu," alisema kwa adabu.

"Ahsante. Ndio mchezo," alijibu Byarugaba.

Moyoni Kagaruki alikivuka kikombe cha kwanza. Bao la pili alifunga Yoeli. Bao la tatu alifunga Yoeli tena, na hilo la tatu lilikuwa la namna ambayo watu wazima walishikana wakaruka kama watoto. Mzee mmoja alirusha kofia yake na hakuiona tena. Kagaruki alisema "Poleni," akabaki kuhesabu. Tatu. Bado moja. Muda upo, bado kipindi kizima.

Kipindi cha pili Muleba walijaza watu wote golini. Bukoba walipiga mpira ukagonga mlingoti, wakapiga ukagonga mgongo wa beki, wakapiga ukaenda ziwani, watu wakasubiri ukatolewe majini. Kagaruki hakuwa anaona tena mpira. Hakuona chenga wala pasi, hakuona hata nani ana mpira, aliona andazi. Kila dakika iliyopita bila bao ilimwuma, na alishangaa jinsi wenzake walivyokuwa wakifurahi, wapumbavu wale, wanaimba wakati kazi haijaisha.

Nyuma ya goli vijana wa mjini walikuwa wamempata Mushumbusi. Walimtungia wimbo. Walimwuliza kama mikono yake ni ya kuchumia kahawa tu. Mushumbusi alikuwa akijifuta uso kwa jezi, na kila aliyekuwa karibu aliona kwamba halikuwa jasho.

"Mtatusamehe," Byarugaba alisema taratibu, macho yakiwa kwenye mwavuli. "Kijana wangu leo anatutia aibu ugenini."

"La, la. Anajitahidi," alisema Kagaruki, na akajichukia kidogo, kwa sababu wakati uleule alikuwa akiomba kijana huyo aaibike mara moja zaidi.

Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wa Muleba aliudaka mpira kwa mkono kwa hofu tu. Mwalimu Ayubu, refa, alipuliza filimbi akaonyesha penalti. Uwanja mzima uliita jina moja. Kagaruki alisimama. Hakujua kwamba ameshika mwavuli wa mkwe wake na kuupinda.

Yoeli aliuweka mpira, akarudi nyuma, akainua macho. Mbele yake alisimama Mushumbusi, mtu ambaye mwezi uliopita walikula naye sahani moja, akamwita mulamu, shemeji. Nyuma ya Mushumbusi vijana walikuwa wakiimba ule wimbo. Yoeli alikuja mbio kama kawaida yake, na hatua ya mwisho akaipoza, akausukuma mpira ukaenda kifuani mwa Mushumbusi moja kwa moja, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga amshike.

Wengine walianza kucheka, kisha mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na kiwanja kizima kikafuata. Watu walikuwa wameelewa. Ule wimbo ulikatika na haukuimbwa tena.

Byarugaba alikuwa akilia bila kujificha. "Alipokuja kwetu kujitambulisha aliacha kipande kikubwa cha nyama sahanini, asionekane mlafi ukweni. Nikasema, huyu amefundishwa. Leo ameacha tena. Ta Kagaruki, mtoto umemlea."

Ni kweli alimlea. Ni Kagaruki mwenyewe aliyemkalisha Yoeli chini kabla ya safari ile ya Muleba, akamwambia ukweni hakumalizwi chakula, ukweni mtu hapigi kelele, ukweni hata ukiwa na haki unaacha kitu. Alimwambia mara tatu, kwa kidole. Sasa alisimama pale na mwavuli uliopinda, anasifiwa.

Mechi iliisha tatu bila. Njia ya kurudi Nyanga ilikuwa nyimbo, Yoeli akiwa mabegani mwa watu. Kagaruki alikuja nyuma, mbali kidogo, na waliomwona walidhani amechoka kwa kumhudumia mgeni.

* * *

Jumatatu asubuhi Kokushubila alishuka bondeni kukata majani ya mgomba, akarudi mikono mitupu.

"Nani amefunga kamba kwenye mibuni yangu?"

Kagaruki alikuwa akinoa panga. Aliendelea kunoa.

"Nakuuliza, baba Yoeli. Kila mbuni wa bondeni umefungwa kamba ya mgomba. Nimewakuta vijana wawili wa mjini, wamenisalimia vizuri tu, wakaniambia, mama, usiwe na wasiwasi, tunaweka alama ya kahawa ya Omary. Omary amepanda kahawa lini kwenye kibanja changu?"

Hapo akamweleza. Alimweleza yote, kuhusu mabati, na vikombe, na kutangulizwa kwa Muleba, akarudia kwa bidii ile habari ya nusu, kana kwamba mkewe akiielewa vizuri atamwona hana kosa. Kokushubila alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Kagaruki kuliko chochote.

"Kwa hiyo umeuza arusi ya mwanao kwa bao ambalo halipo," akasema.

"Lingekuwepo. Ile penalti..."

"Nyamaza. Mwite umwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Yoeli alikuja akiwa bado anachechemea kidogo kwa mateke ya Jumamosi, wazee wawili njiani wamekwisha kumsimamisha kumpongeza. Aliketi kwenye kigoda mbele ya baba yake. Kagaruki alisimulia mara ya pili, na mara hii hakueleza habari ya nusu.

Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba.

"Ungeniambia, tata," hatimaye alisema.

"Ungefunga?"

Yoeli alifikiri kweli. Hakuwa mtu wa kujibu haraka kumpendeza mtu.

"Labda ningefunga. Kwa hiyo heri hukuniambia. Ningemwangaliaje Mushumbusi siku ya arusi?" Akajifuta mikono kwenye suruali. "Na wewe ungeniangaliaje?"

Kagaruki alitaka amkemee, maana hasira zingalimsaidia. Hazikuja. Ilimjia aibu tu, nzito, na chini ya aibu hiyo palikuwa na kitu alichokionea haya zaidi, yaani kwamba alikuwa akijivunia mwanawe.

Omary aliposikia habari za mahari alikuja mwenyewe Nyanga, akakataa kiti. Alisema yuko tayari kurudisha robo ya mibuni, ingawa kamari haiendi hivyo. Kagaruki alikataa. Lililobaki lilikuwa jina lake la mtu anayetimiza neno, na hakutaka lirudishwe robo.

Wiki iliyofuata Yoeli aliondoka kwenda Bumbire, kufanya kazi kwa wachuuzi wa samaki wakavu, atafute mahari kwa mikono yake. Timu ya mji ilitafuta senta fowadi mwingine, ikampata, hakuwa mbaya. Sisi tuliowaona wote wawili hatukuwalinganisha. Yoeli alipokuja kurudi alikuwa mtu mzima wa mabega mapana na goti bovu, na mpira aliutazama kutoka pembeni kama sisi wengine. Ile ya Muleba ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho.

* * *

"Mshenga alipeleka maneno mazuri," alisema Kokushubila. "Haya mabaya utayapeleka wewe."

Kagaruki alipanda gari la abiria asubuhi, akafika Muleba jua likiwa kichwani. Kokwijuka alimpokea kwa magoti mawili, akamwamkia. "Kasinge, tata." Sauti yake ilikuwa safi, haijui lolote, na Kagaruki aliitikia akitazama mlango. Walimletea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo. Alizichukua, akazishika kiganjani, hakuzitia mdomoni.

"Kuna msiba?" aliuliza Byarugaba.

"Hakuna aliyekufa."

Akaanza. Byarugaba hakuwa ameingia mkahawani kwa Omary, kwa hiyo ikabidi aanze kwenye vikombe. Alipanga kahawa tatu mkekani, akaikata ya nne nusu kwa meno, akaiweka mwisho wa mstari, na alipokuwa akifanya hivyo alijiona jinsi alivyo: mzee wa mvi, mzee wa kanisa, anacheza na kahawa sakafuni kwa mkwe wake.

"Yaani ninyi mlishinda," Byarugaba alisema baada ya kufikiri, "lakini wewe ukashindwa."

"Ndiyo."

"Na sisi tuliofungwa, kwa hesabu hiyo tulishinda."

"Kwa hesabu hiyo, ndiyo."

"Basi mbona tulirudi na malori yetu tumenyamaza mpaka hapa?"

Byarugaba alizitazama zile kahawa, akazikusanya moja moja, akazirudisha kikapuni, isipokuwa ile nusu.

"Mahari haitakuwepo msimu huu," alisema Kagaruki. "Yoeli yuko Bumbire anaitafuta. Ukitaka kumpa binti mtu mwingine, una haki. Nimekuja nikuambie mwenyewe usije ukasikia sokoni."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mchi, ikasimama. Wanawake walikuwa wanasikiliza.

"Ningekuwa nimeyasikia haya kabla ya mechi, ningekufukuza," Byarugaba alisema. "Sasa nimemwona kijana. Mushumbusi tangu siku ile hataki mtu amseme Yoeli vibaya hapa nyumbani. Dada yake atamngoja. Msimu ujao, au mwingine. Lakini wewe, Ta Kagaruki, hapa kwangu utakuja ukiitwa. Sitakudanganya, nimekukasirikia."

"Una haki."

"Najua nina haki."

Mchi ulianza tena. Kagaruki alipaswa kuinuka, akaage, akangoje gari. Alishika fimbo yake, akainuka nusu, akaketi tena.

"Nina neno moja. Utanicheka."

"Sema."

"Lile bao la tatu. La Yoeli. Lilikuwaje?"

Byarugaba alimtazama kama hakusikia. "Si tulikaa pamoja? Kiti kwa kiti?"

"Nilikuwepo. Sikuliona. Kila mtu Nyanga ananisimamisha ananiambia, ah, lile bao la tatu, nami naitikia. Watu walirusha kofia. Mimi nilikuwa nahesabu." Hapo machozi yakamtoka mbele ya mkwe wake, bila mwavuli wala koti la kuyaficha. "Tangu anajifunza kutembea sijakosa hata teke moja la mtoto yule. Nimekosa lile."

Byarugaba aliusogeza mkeka kwa mguu. Alisogeza kigoda. Alivua koti lake, akalitundika, akasimama katikati ya chumba chake, mzee wa miaka mingi na magoti yanayolia, akaangalia huku na huku kupima nafasi.

"Mpira ulitoka kulia," akasema. "Wa juu. Beki wetu wawili walikuwa naye, mmoja huku, mmoja huku. Yeye akajifanya anausimamisha kwa kifua, hivi. Wote wakamrukia. Hakuusimamisha. Akajikunja, ukapita begani, wao wakagongana." Aligeuka polepole, akishika ukuta. "Akageukia hapa. Ukiwa haujagusa chini akaupiga kwa kushoto. Mushumbusi anasema hakuuona, aliusikia. Na unajua alifanya nini mwanao baada ya hapo? Watu wote wanamkimbilia, yeye anageuka kutazama pale tulipoketi. Nilidhani ananitazama mimi, mkwe wake. Kumbe alikuwa anakutafuta wewe."

Kagaruki alifuta uso kwa kiganja. Akamwomba arudie, tangu mpira ulipotoka kulia.